Jibu: CONFIG_IDE inapotea kila nikiendesha make olddefconfig

Salaam ndugu. Umesema umenakili .config (faili ya mipangilio) ya kerneli ya Linux 4.19 kwenye 6.1, ukaendesha make olddefconfig (amri inayosasisha .config kwa kerneli mpya), CONFIG_IDE (chaguo la draiva za zamani za diski za IDE) ikatoweka na diski haionekani. Usiirudishe kwa mkono: draiva hizo za zamani ziliondolewa toleo la 5.14, mwaka 2021, na olddefconfig hufuta kimyakimya jina isilolitambua.

Kwanza linganisha .config ya zamani na mpya kwa scripts/diffconfig, iliyomo kwenye msimbo wa kerneli. Kisha washa CONFIG_ATA (draiva mpya za diski hizo), CONFIG_BLK_DEV_SD (diski za /dev/sd*) na draiva ya chipu yako inayoendesha diski (hukuitaja, amri ya lspci itakuonyesha). Mimi kilichonikwamisha siku nzima ni jina: /dev/hda imekuwa /dev/sda, kwa hiyo rekebisha fstab (orodha ya diski za kupachika) na root= (kigezo kinachoiambia kerneli mfumo uko wapi). Tumia PARTUUID (kitambulisho cha kizigeu cha diski), inafanya kazi hata bila initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia).

Kerneli ya zamani usiifute kwanza, tafadhali.