Jibu: Pidgin ya Windows haina kitufe cha video
Mkuu, umeuliza kwa nini Pidgin, programu ya kuchati, ya rafiki yako kwenye Linux inapiga simu za video na yako ya Windows haina hata kitufe. Kamera yako ni nzima, usihangaike kuisakinisha upya. Video iliingia toleo la 2.6.0, mwaka 2009, kwa akaunti za XMPP (mfumo wazi wa kutumiana ujumbe), lakini upande wa Windows ukaachwa nje. Inaudhi, tena kwa programu inayosifiwa kuwa ya mifumo yote! Ila wanaoitengeneza wanajitolea, utamdai nani?

Kuchati endelea nayo. Mkitaka kuonana, tumia Jitsi Meet kwenye kivinjari: anayeanzisha kikao meet.jit.si ndiye anaombwa akaunti, mwenzake anabofya kiungo tu.