Simu za vyumbani zimenyamaza baada ya kuhamia intaneti? Waya ni wazima

Ujumbe ulioleta makala hii ni mfupi. Msomaji anayeishi Uingereza amehamishiwa faiba. Simu iliyochomekwa kwenye ruta inaongea vizuri, lakini ya jikoni na ile ya chumbani kwa mama yake zimenyamaza kama maji ya mtungini. Aliyefunga faiba alisema waya za ndani si kazi yake, akaondoka.

Wengi watayakuta haya, kwa sababu mtandao wa zamani wa simu za mezani nchini humo unazimwa ifikapo mwisho wa Januari 2027 (mwanzoni ilisemwa Desemba 2025, ikasogezwa). Basi kabla hujamlipa mtu kupitisha waya mpya, elewa kilichobadilika. Zamani sauti ilitoka mtaani, ikaingia kwenye soketi kuu, ndipo ikagawanywa vyumbani. Sasa inatoka kwenye tundu la simu nyuma ya ruta. Ni sawa na nyumba iliyokuwa ikitumia maji ya bomba la mtaani, sasa inatumia tangi la juu ya paa: mabomba ya ndani ni yale yale, ila sharti ufunge koki ya mtaani kwanza. Watu huruka hapo, wakachomeka kebo moja kwa moja ukutani. Laini ya mtaani ikiwa bado ina umeme (kama volti 50), unagonganisha vyanzo viwili, na tundu la simu la ruta laweza kuungua.

Kutenga waya za vyumbani na za mtaani ni rahisi kama soketi kuu ni ya aina ya NTE5, ile yenye mstari unaokata uso wake katikati. Fungua skrubu mbili uvute kibao cha chini. Zile mpya za NTE5C hazina skrubu, zinabanwa kwa vishikizo vya pembeni. Waya za vyumbani zimefungwa nyuma ya kibao hicho, za mtaani zimebaki ukutani. Ukikivuta, umeshatenga. Zilizobaki ukutani usiziguse, ni mali ya Openreach, kampuni yenye waya za simu za mtaani. Na kama soketi ni ya zamani isiyo na kibao cha kutoka, usiifungue, iambie kampuni yako ya simu ije kuibadilisha.

Mwenye faiba iliyofika ndani, kazi yake ya kutenga imeishia hapo. Asiye nayo, yaani ambaye intaneti yake bado inapita kwenye waya wa shaba, anakihitaji kibao kile kwa sababu ruta inachomekwa hapo. Huyo azitoe waya za vyumbani kwenye kibao, aziunganishe zenyewe kwa zenyewe, kisha akirudishe kibao kikiwa kitupu. Rangi zinafuatana hivi na namba za sehemu za kubania waya kwenye soketi: bluu yenye pete nyeupe ni namba 2, nyeupe yenye pete za bluu ni namba 5, chungwa yenye pete nyeupe ni namba 3. Kila rangi na mwenzake wa rangi ile ile na pete zile zile, kwa viunganishi vidogo vyenye jeli vinavyobanwa kwa koleo. Kuzisokota na kuzifunga selotepu ni kujitafutia mkwaruzo masikioni baada ya miezi michache.

Sasa ilishe nyumba. Chukua kebo yenye plagi ya simu ya Kiingereza pande zote mbili, upande mmoja kwenye tundu la simu la ruta, wa pili kwenye soketi yoyote ya ukutani iliyo karibu. Soketi zote zimeungana, kwa hiyo haijalishi ni ipi. Ukitaka na simu hapo hapo kwenye ruta, weka kigawanyi. Ruta au adapta yenye tundu dogo la RJ11 inahitaji kebo ya RJ11 kwenda plagi ya Kiingereza, na hapa ndipo watu wanapoliwa pesa: kebo mbili zinafanana kwa macho, moja inaunganisha nyuzi mbili za kati za RJ11 na namba 2 na 5, nyingine inaunganisha kwingine. Ukikosa mlio wa laini, badilisha kebo kabla ya kuulaumu ukuta. Na ukitaka kushika waya wowote, chomoa kebo kwenye ruta kwanza, maana simu ikiita volti hupanda.

Tatizo linalowachanganya wengi ni simu inayopiga na kupokea vizuri lakini haiiti. Simu nyingi za zamani za Uingereza huchukua mlio kwenye namba 3, na mlio huo hupitia kapasita ya maikrofaradi 1.8 iliyomo ndani ya soketi kuu. Umeitenga soketi kuu, umeitenga na kapasita. Tafuta kwenye droo kile kichujio cha ADSL (intaneti ya zamani ya waya wa simu) cha miaka ile; vingi vina kapasita ndani. Kichomeke kati ya ukuta na simu hiyo, itaita.

Zikiita kwa unyonge zote kwa pamoja, soma namba ya REN (kipimo cha mzigo ambao simu inauweka kwenye laini inapoita) chini ya kila simu, ujumlishe. Laini ya zamani ilibeba 4. Ruta nyingine hubeba pungufu, kitabu chake kitakuambia. Simu ya kuzungusha namba kwa kidole inaweza kupokea tu, ruta nyingi hazielewi lugha yake. Namba za mji ule ule nazo huenda ukalazimika kuzipiga pamoja na msimbo wa eneo.

Kwa nyumba ndogo, kusema kweli, hata haya yote hayahitajiki: seti ya simu zisizo na waya, kituo kimoja kwenye ruta na simu zake tatu vyumbani, inamaliza kazi.

La mama ni zito zaidi. Umeme ukikatika ruta inazimika, na simu zote nazo. Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa Uingereza, inazitaka kampuni ziwape wanaotegemea simu ya mezani njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa 1, bila malipo. Haiji yenyewe, iombe. Kama mama anavaa kitufe cha kuita msaada, mwambie anayekihudumia kwamba laini imehama. Kisha kibonyeze mwenyewe, ukae hapo hapo mpaka mtu aitike.