Kwa nini miti ya kando ya mto imekuwa myeupe peke yake?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kuishi kwenye nchi ya baridi kali, na kila asubuhi napita kando ya mto. Juzi nimekuta miti yote ya ukingoni imekuwa myeupe pe, hadi kijitawi cha mwisho, ilhali ile iliyo mbali kidogo na maji, mwendo wa dakika mbili tu, imebaki mitupu na myeusi kama kawaida. Theluji haikuanguka. Kufika saa sita mchana weupe wote ulikuwa umetoweka. Hapo hapo ukingoni kuna miti yenye vijiti vya manjano na mingine yenye vijiti vyekundu kabisa, na mmoja umejaa vikoni vidogo vyeusi. Jirani anasema ile myekundu imekufa, tuikate. Je, ni kweli? Na ule weupe ni nini? Napenda kupiga picha, kwa hiyo nikijua ni siku gani niamke mapema nitashukuru.

Jibu: Salama, ndugu. Nianze na weupe, maana ndio uliokufanya uandike.

Ule weupe ni maji ya mto. Maji yanayotembea huchelewa kuganda, na maadamu hayajaganda, joto lake haliwezi kushuka chini ya sifuri kwa kiasi cha maana hata kama hewa imefika nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwa hiyo alfajiri ya baridi kali, mto ndio kitu chenye joto kuliko vyote pale ulipo. Mvuke unapanda, unakuta hewa isiyoweza kuubeba, na mto unaanza kufuka. Wakati huo huo vijitawi vyembamba, chini ya anga lisilo na mawingu, vimepoteza joto lake usiku kucha hadi vikawa baridi kuliko hewa inayovizunguka. Mvuke ukivigusa haupitii hatua ya umande; unaganda papo hapo kuwa fuwele. Hiyo ndiyo jalidi. Miti iliyo mbali na maji inapata baridi ile ile, ila mvuke wa kutosha hauifikii.

Iko namna ya pili ambayo watu wengi huichanganya na hiyo. Matone madogo ya ukungu yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji, kisha yakaganda pale tu yanapogonga tawi. Barafu ya namna hii hujijenga upande unakotoka upepo, na huwa ngumu, nyeupe kama maziwa. Jalidi ni kitu kingine kabisa. Sogeza uso karibu, ukiwa umeziba pumzi: utaona vijinyoya vya barafu vimesimama pembeni mwa gome, kila kimoja kina mistari yake kama unyoya halisi, na vimesongamana zaidi kwenye ncha na kwenye kingo za majani makavu yaliyosalia. Ukipuliza tu, vinadondoka. Kwa jinsi weupe wako ulivyoyeyuka upesi, nadhani ulikuwa jalidi.

Mahali panapojulikana sana kwa mambo haya ni Jilin, kaskazini mashariki mwa China, kwenye Mto Songhua. Juu ya mji kuna bwawa la umeme la Fengman. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa kwenye nyuzi 4 hivi, kwa hiyo majira ya baridi maji ya joto hilo hukaa chini bwawani huku juu kukiganda. Mitambo inayatoa kutokea kina hicho, na mto unapita mjini ukiwa wazi hata hewa ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mierebi na misonobari ya ukingoni inaamka imefunikwa, na watu husafiri kutoka mbali kuitazama. Nikiri kwamba inanifurahisha kuona bwawa la umeme likisifiwa kwa kupamba miti.

Basi siku ya kuamka mapema ni ile inayofuata usiku wa anga safi, bila upepo, baridi ikiwa imeshuka ghafla baada ya siku kadhaa za afadhali. Mto uwe bado wazi. Ukishafunikwa na barafu pande zote, chanzo cha mvuke kimezibwa, na utaamka bure. Fika kabla jua halijachomoza. Mimi si fundi wa kamera, lakini jambo moja naliona kwenye picha nyingi: watu hupiga matawi meupe dhidi ya anga jeupe, na jalidi inapotea. Tafuta pembe ambayo nyuma ya tawi kuna maji meusi au ukingo wenye kivuli.

Sasa miti yenyewe. Bila picha sitaapa, lakini vijiti vya manjano kando ya maji kwa kawaida ni vya mwerebi, na huenda ni ile aina ya *Salix alba* inayopandwa kwa ajili ya rangi hiyo. Vyekundu huwa vya kichaka cha jamii ya *Cornus*. Havijafa hata kidogo. Wekundu unatokana na antosayanini, rangi ile ile iliyomo kwenye kabichi nyekundu, na gome huitengeneza zaidi linapopigwa na mwanga. Geuza kijiti uone: mara nyingi upande wa jua ni mwekundu kuliko upande wa chini. Majani yakishapukutika hakuna tena cha kulikinga gome na mwanga, ndiyo maana rangi inakolea wakati huu ambapo kila kitu kingine kimefifia.

Ukitaka uhakika, kwaruza gome la kijiti kimoja kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na pana unyevu, mti ni mzima. Pakiwa kahawia na pakavu, kijiti hicho kimekufa, ingawa jaribu vingine kabla ya kuuhukumu mti mzima.

Jinsi vijiti vinavyostahimili baridi ni jambo la ajabu. Baridi inapoingia polepole, maji hutoka ndani ya seli na kuganda kwenye nafasi zilizo kati yake, na kinachobaki ndani ni maji mazito ya sukari ambayo hayagandi kirahisi. Mwaka 1960 mwanasayansi Mjapani Akira Sakai alieleza kwamba vijiti vya miti iliyokwisha kuzoea baridi, vikigandishwa kwanza taratibu, vinaweza kuzamishwa kwenye nitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na vikabaki hai. Kijiti cha mti huo huo kikikatwa katikati ya kiangazi, baridi kidogo tu ya chini ya sifuri inakimaliza.

Ule wenye vikoni ni mti uitwao alda. Vikoni hivyo vimekwisha kumwaga mbegu nyingi, ambazo huelea na kusafiri na mto. Kwenye tawi hilo hilo utaona vishada vya zambarau vinavyoning'inia, vimefungwa kabisa: hayo ni maua dume yanayongoja kutoa chavua kabla ya majani. Matumba yake nayo ni ya zambarau, kila moja limekaa juu ya kijikikonyo, na kwa alama hiyo humkosi alda hata gizani.

Kuhusu jirani: sababu yake si sahihi, ila wazo la kukata si baya. Rangi kali iko kwenye vijiti vichanga. Vikizeeka gome hugeuka kijivu. Wakulima wa bustani hukata theluthi ya mashina, yale makongwe, karibu na ardhi, na machipukizi yanayofuata ndiyo yanayong'aa mwaka ujao. Lakini mngoje hadi mwisho wa baridi, matumba yakiwa karibu kufunguka. Mkikata sasa mtajinyima rangi kwa miezi yote iliyobaki.