Pima kwanza kabla hujanunua boksi la bodi la vani

Mkuu, umesema waipa za vani yako zinajiwasha zenyewe, sentro loki inafunga na kufungua ukiwa barabarani, betri inakufa gari likilala siku mbili, na fundi amesoma kodi ya hitilafu U0140 akakwambia boksi la bodi, yaani kompyuta inayoendesha waipa, loki, taa na vioo, limekufa, tafuta jingine. Nakuomba usitoe hela bado. Dalili hizo hizo nilizipata kwenye vani yangu ya mizigo, nikanunua boksi kabla ya kupima chochote, gari likakaa wiki tatu limesimama.

Kodi U0140 inasema jambo moja tu: kompyuta nyingine za gari zimeliita boksi la bodi, halikuitika. Sababu haiitaji. Boksi likikosa umeme, ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) ikiwa mbovu, au nyaya za mawasiliano zikikatika, utasoma kodi ile ile ambayo ungeisoma kama boksi lenyewe limeungua.

Mimi nilianza na betri kufa. Nilikuwa naegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi gari halina hata umeme wa kuwasha taa ya ndani. Nilipoweka mita kati ya teminali hasi na waya wake nikakuta gari linanyonya ampea 1.2 wakati kila kitu kimezimwa. Kwa saa 60 hizo ni ampea-saa 72, na betri yangu ni ya 70. Gari zima kwa kawaida linapaswa kushuka chini ya miliampea 50 likishalala. Zingatia hilo neno likishalala: kompyuta hazilali mara moja, nyingine huchukua nusu saa na zaidi, na mlango ukiwa wazi hazilali kabisa. Kwa hiyo sukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi kijifunge kama vile mlango umefungwa, toa funguo uweke mbali na gari, ndipo usubiri. Na ukiwa na mita hapo katikati usithubutu kupiga stata, utaichoma.

Nilichomoa fyuzi moja moja. Nilipofika ile ya boksi la bodi, zile ampea 1.2 zikashuka karibu na sifuri. Nikaamini nimempata mchawi. Nikanunua boksi lililotumika, la gari la aina ile ile na mwaka ule ule, nikalifunga. Injini ikawaka sekunde mbili ikazima. Nikarudia, ikazima. Taa ya imobilaiza, ule mfumo wa kuzuia wizi, inawaka na kuzima, funguo zote mbili hazitambuliwi, na kwenye dashibodi alama ya kilomita inamulika.

Hapo ndipo wengi tunapoumia. Kwenye magari mengi ya kisasa boksi la bodi lina kumbukumbu yake: namba ya chasi, kodi za funguo, orodha ya vifaa vilivyofungwa garini, na kwa baadhi ya magari hata kilomita. Ukileta boksi la gari jingine, injini inaliona geni na inakataa kuwaka. Namba ya spea nayo lazima ifanane mpaka herufi za mwisho. Langu lilitofautiana herufi moja, na herufi hiyo ilimaanisha gari lisilo na vioo vya umeme.

Nikarudisha boksi la zamani, na safari hii nikakagua soketi zake kwa tochi kabla ya kuzichomeka. Pini tatu zilikuwa na ukungu wa kijani. Nikafuata wayaringi kwenda juu, nikakuta imelowa mpaka karibu na kona ya kioo cha mbele. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa mwaka mmoja nyuma, na gundi haikushika vizuri pale kona. Kila mvua ikinyesha, maji yalishuka na nyaya kama yanavyoshuka kwenye kamba, yakaingia moja kwa moja ndani ya soketi. Hata ningefunga boksi jipya la dukani, lingeoza vile vile. Kwako anzia hapo: inua kapeti ya miguu, shika kwa mkono, tazama mifereji ya kutolea maji chini ya waipa kama haijaziba majani.

Kisha pima ethi. Watu wengi wanapima kwa mlio wa mita, na hilo halitoshi, kwa sababu waya uliobaki uzi mmoja utalia vizuri tu. Washa taa kubwa ili umeme mwingi upite. Weka ncha moja ya mita kwenye teminali hasi ya betri, nyingine kwenye pini ya ethi nyuma ya soketi ya boksi. Ukisoma chini ya volti 0.1, ethi ni nzima. Mimi nilisoma 1.9. Boliti inayobana ethi kwenye bodi ilikuwa imeota kutu chini ya rangi. Volti 1.9 ndiyo iliyokuwa inawasha waipa zangu. Mkono wa swichi kwenye usukani hautumi amri kwa maneno, unatuma kiwango cha volti, na kila nafasi ya swichi ina kiwango chake. Kwenye vani yangu swichi ilishika ethi ya sehemu nyingine, nzima. Ethi ya boksi ilipopanda, boksi likawa linasoma indiketa kama waipa. Nilikwangua boliti mpaka chuma king'ae, nikapaka grisi, nikakaza. Waipa zilitulia siku hiyo hiyo, na sentro loki pia.

Nyaya za mawasiliano ni kipimo cha dakika mbili. Chomoa betri, nenda kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, pima omu (ukinzani) kati ya pini 6 na 14. Ukipata karibu 60, njia ni nzima, kwa sababu kila mwisho wa njia una rezista ya omu 120. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Tahadhari moja: kwenye magari yenye kompyuta ya kati inayogawa mawasiliano, pini hizo zinaweza zisifike kwenye njia ya boksi la bodi, itabidi upime kwenye soketi ya boksi lenyewe.

Baada ya yote hayo, langu kweli lilikuwa na ugonjwa. Taa ndogo ya kushoto haikuzima hata nichomoe swichi yake. Transista inayoilisha, yaani swichi ya kielektroniki ndani ya boksi, ilikuwa imeungua ikabaki inapitisha umeme muda wote, na hiyo ndiyo ilikuwa inazuia boksi kulala. Hapo tu ndipo nilipoona haki ya kubadilisha. Nilitafuta boksi lenye namba ile ile kamili, nikapeleka yote mawili kwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Akasoma chipu ya kumbukumbu ya la zamani, akahifadhi nakala, akaiandika kwenye lililokuja. Nikafunga, gari likawaka kwa funguo zangu bila kuprogramu chochote. Vioo tu nilivifundisha upya: unashusha mpaka chini, unapandisha mpaka juu, unashikilia swichi sekunde chache.

Ukichagua jipya la dukani badala ya kunakili, nenda na funguo zako zote, maana ambayo haipo siku ya kuprogramu inaweza kufutwa. Dai betri iunganishwe na chaja maalumu muda wote wa kazi. Volti zikianguka katikati ya kuandika, boksi linaweza kufa hapo hapo mezani. Chomoa betri kabla ya kugusa soketi, na kama boksi liko karibu na nyaya za manjano za eabegi, subiri dakika kadhaa kwanza.

La zamani usimwachie mtu kama malipo ya ufundi. Kodi za funguo zako zimo ndani yake. Langu nimelifunga kwenye mfuko mkavu, liko kabatini. Nipe namba mbili tu ukishapima: volti za ethi taa zikiwa zimewashwa, na ampea gari likiwa limelala. Tutajua tunaelekea wapi.