Stika za kucha: zinafaa nyumbani?

SWALI: Naishi Kondele, Kisumu, na nguo nafua kwa mkono. Je, stika za kucha zitadumu ama nitapoteza pesa?

JIBU: Zinafaa, dada, ila kufua ndiko kutakuponza usipovaa glavu za mpira. Maji moto na sabuni hulegeza gundi.

Nyingi hubanduka mapema kwa sababu ya mafuta ya ukucha. Nawa, kausha kabisa, sukuma nyuma ngozi ya shinani, kisha futa kila ukucha kwa pamba yenye spiriti. Usipake losheni kabla. Chagua stika nyembamba kidogo kuliko ukucha wako, uache kama milimita 1 kutoka kwenye ngozi: ikiigusa tu, itanyanyuka na maji yataingia. Kandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, kunjia ziada nchani, uikate kwa tupa ya kucha ukiburuta kuelekea chini pekee. Siku hiyo usifue.

Kuzitoa, tafadhali usizing'oe kavu. Utabandua na tabaka za ukucha. Loweka vidole dakika 10 kwenye maji vuguvugu yenye sabuni, halafu vuta taratibu kutoka pembeni. Ukucha wenye fangasi au jeraha usiufunike kamwe.