Korongo wa Kisenyi

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama msafiri mwenye fedha kidogo anaweza kufaidi sanaa ya mitaani ya Kampala bila kumlipa mwongozaji. Nilipoketi kuandika, jibu langu lilikuwa ndiyo, tena bila kusita. Sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba imesimama wazi katikati ya mji tangu 1962, na hakuna anayekudai shilingi kwa kuitazama. Mwaka 2014, katika tamasha la KLA ART, wasanii waliziremba bodaboda zenyewe, kazi zao zikamfuata mtu hadi alipo. Miguu inatosha, nilifikiri.

Hata hivyo, swali lililonichoma ni jingine: huyo aliyechora analipwa na nani?

Mpwa wangu alinijia kutoka Busia wakati wa likizo akiwa na shilingi 20,000 za matumizi. Tulishuka Old Taxi Park, kituo cha teksi za abiria mjini, tukateremka kwa miguu hadi Kisenyi, kwenye vinu vya kusaga mahindi, na huko tukamkuta kijana akichora korongo mwenye taji, yule wa bendera yetu, kwenye ukuta wa kinu kimoja. Tulimsalimu kwa Kiganda, akaitikia kwa Kiswahili cha Bukavu, nasi tukakaa naye karibu saa mbili. Mkono wa kulia ulishika brashi, wa kushoto ukashika kijiti kilichoegemezwa ukutani, na kifundo cha mkono wenye brashi kikapumzika juu ya kijiti hicho ili mstari usitetemeke. Kinu kilipowashwa aliacha kazi mara moja, akafunika kopo lake, kwa kuwa vumbi la unga hunata kwenye rangi ya mafuta ambayo haijakauka. Shingo ya korongo aliichora siku iliyotangulia bila kungoja, na mpwa wangu alipoipapasa aliikuta ina chenga kama posho iliyoungua chini ya sufuria. Kijana alisema ataikwangua na kuirudia. Mimi niliipenda vile vile ilivyokuwa.

Malipo yake yalikuwa rangi na chakula cha mchana. Mpwa wangu alimpa shilingi 5,000, ambazo kwa mfuko wake hazikuwa kidogo, akazipokea kwa mikono miwili, kisha akaomba jambo moja: "Kaka, mpige picha huyu ndege. Ule ukuta wangu wa kwanza walikuja kuupaka rangi ya kampuni ya simu, na mimi sina hata picha yake." Picha ikapigwa. Baada ya wiki tatu nilipita tena hapo, nikakuta ukuta mzima una rangi ya kampuni, kuanzia chini hadi kwenye bati. Nilimuuliza mama muuza chapati jirani, akasema kijana alikwisha kuhama. Hatukuwa tumechukua namba yake ya simu, na kosa hilo ni letu.

Kwa hiyo nalibadili jibu langu nikiwa katikati ya barua. Mlipeni mwongozaji, lakini awe mkazi wa mtaa huo anayewajua wachoraji kwa majina na anayejua wakihama wanahamia wapi. Mtu kama huyo angetufikisha kwa kijana yule. Anayewashusha watu garini, wapige picha, waondoke bila salamu, sioni sababu ya kumlipa, na fedha hizo ni afadhali apewe mwenye brashi. Asiyekuwa na cha kutoa kabisa simzuii kutembea. Asalimie kwanza kabla ya kutoa simu mfukoni, hasa Kisenyi, ambako watu wako kazini, na aombe namba ya mchoraji ili amtumie picha.

Korongo wetu bado yumo katika simu ya mpwa wangu, mguu mmoja mbele, shingo ina chenga. Kijana wa Bukavu akiisoma barua hii, ajue picha yake tunayo.

Msomaji, Kampala