Jibu: Volteji inashuka taa ya CC inapowaka

Ndugu, umeuliza kwa nini pawasaplai (kifaa cha maabara cha kutolea umeme) uliyoiweka kwenye volti 12 inashuka hadi volti 3 mara tu unapounganisha saketi, huku taa ya CC ikiwaka. Kifaa hakijaharibika. Taa ya CV (volteji thabiti) huonyesha kwamba kifaa kinashikilia volteji uliyoichagua, ilhali CC (mkondo thabiti) huonyesha kwamba saketi imefikia kikomo cha mkondo, na hapo kifaa hulazimika kushusha volteji ili mkondo usizidi.

Basi weka kikomo kinachoitosha saketi yako. Ikiwa modeli yako haionyeshi kikomo hicho kwenye skrini kabla ya kuwasha njia ya kutolea umeme, punguza volteji hadi volti moja au mbili, unganisha waya mwekundu na mweusi moja kwa moja, kisha zungusha kitufe cha mkondo taratibu hadi ampea zisomeke, tuseme, 0.50. Tenganisha waya, rudisha volteji kwenye 12, zima njia hiyo, ndipo uunganishe saketi. Shoti hiyo ya makusudi huwatisha wengi bila sababu, kwani vifaa vya maabara vimeundwa kuivumilia.

Hata hivyo, usiutegemee mno ulinzi wa kikomo cha mkondo: kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) iliyo kwenye tundu za kutolea umeme hujimwaga papo hapo, kabla kikomo hakijafanya kazi, na LED ndogo inaweza kuungua. Unapounganisha waya, kumbuka pia kwamba tundu la kijani la kifaa, kwa kawaida, ni la ardhi, wala si hasi.

Ikiwa CC bado inawaka kwenye kikomo kinachoitosha saketi, tafuta shoti ndani ya saketi yenyewe.